Sura ya Nne: Chungwa la Muheza na Fungu la Kotimiri

Bibi alikuwa amesimama mbele ya meza ya mboga katika soko la Ngamiani, mjini Tanga, chungwa mkono wa kulia, fungu la kotimiri mkono wa kushoto, kama anayepima uzito kwa viganja. Ilikuwa Ijumaa asubuhi na soko limejaa watu wanaowahi kupika kabla ya sala. Nilimjua kwa sura, maana tunakaa barabara zilizokaribiana. Nilipomwamkia hakupoteza wakati.

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye uliyesomea mambo ya vyakula? Basi nisaidie. Mjukuu wangu ana mimba ya miezi mitano, kaambiwa kliniki damu yake ndogo. Nimebakiwa na mia tano tu. Nimchukulie lipi, hili au hili? Lipi lenye vitamini zaidi?"

"Chungwa, bibi," nilimjibu upesi. Akashukuru, akaniombea dua, nami nikashika njia. Nilipofika barabara ya 12 jibu langu lilikuwa limeanza kunikera.

Halikuwa jibu la uongo. Ila bibi alikuwa ameuliza maswali mawili ndani ya moja, la vitamini na la damu, nami nikajibu la kwanza nikaliacha la pili limelala pale mezani pamoja na kotimiri. Nimeiandika sura hii kwa ajili ya swali lile lililobaki.

Tuanze na karatasi, kwa kuwa karatasi ndiyo inayotajwa kila mtu anapotaka kulinganisha vyakula. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo wataalamu wa lishe duniani kote huyatumia, hupima kila chakula kwa gramu 100. Kwa kipimo hicho chungwa lina miligramu 53 za vitamini C na kotimiri ina 27, yaani nusu yake. Ukiishia hapo chungwa limeshinda, na nadhani ndipo nilipoishia mimi siku ile. Lakini shuka mstari. Vitamini A: chungwa mikrogramu 11, kotimiri 337. Madini ya chuma, ambayo ndiyo hasa bibi aliyatafuta bila kuyataja: chungwa miligramu 0.1, kotimiri 1.8. Folati, inayohitajiwa sana na mwenye mimba: 30 kwa 62. Kalsiamu: 40 kwa 67. Potasiamu: 181 kwa 521. Vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda mtu anapojikata, chungwa halina kabisa, na kotimiri ina mikrogramu 310, wakati mtu mzima anahitaji kati ya 90 na 120 kwa siku nzima. Sukari ndiyo kinyume: chungwa lina gramu 9, kotimiri haifiki hata moja.

Kwa hesabu hiyo jani limelishinda tunda katika karibu kila mstari isipokuwa ule mmoja tunaousifia. Wapo wanaoandika hivyo hivyo na kuweka kalamu chini, wakiwaacha wasomaji waamini kuwa kotimiri ni dawa. Mimi sikubali. Hakuna mtu Ngamiani anayekula gramu 100 za kotimiri. Hata Tanzania yetu ina majedwali yake, yaliyotolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa chuo kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na chuo kikuu cha Harvard, na ni kazi ya kujivunia. Lakini nayo hupima kwa gramu 100, kwa sababu kipimo cha kitaalamu lazima kiwe kimoja kwa vyakula vyote. Kazi ya kukirudisha kipimo hicho kwenye sahani ni ya msomaji, na huwa haifanywi.

Jumatatu yake nilirudi sokoni nikamwomba muuza viungo mmoja aniazime mizani yake. Chungwa la wastani, likishamenywa, lilisimama kwenye gramu 130. Fungu la kotimiri, nilipokwisha kukata mizizi na vijiti vigumu, lilibaki gramu 30. Sasa hesabu ikageuka sura. Chungwa lile moja lina miligramu 70 hivi za vitamini C. Mwanamke mzima, kwa kipimo cha Wamarekani ambacho ni cha juu, anahitaji 75 kwa siku, na kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani anahitaji 45 tu. Tunda moja, na siku yake imekamilika au imekaribia kukamilika. Fungu lote la kotimiri lina miligramu 8. Ili kotimiri ilifikie chungwa yatakiwa mafungu tisa, na sijui mlaji wake ni nani.

Na fungu lenyewe haliliwi na mtu mmoja. Linakatwakatwa, linanyunyizwa juu ya mchuzi wa watu sita, kila mmoja anapata gramu 5, nyingine zikibaki zimeganda ukingoni mwa sufuria. Katika gramu 5 madini ya chuma ni chini ya sehemu moja ya kumi ya miligramu. Mwenye mimba anahitaji miligramu 27 kwa siku. Kotimiri ya namna hiyo ni harufu, tena harufu nzuri inayofanya mchuzi uwe mchuzi, lakini haiongezi damu ya mtu.

Vitamini K peke yake ndiyo inayobaki na maana hata kwa kiasi hicho kidogo: gramu 5 zina mikrogramu 15. Niseme jambo moja hapa kwa wale wanaolihitaji. Mgonjwa anayetumia dawa ya wafarini, ile ya kuzuia damu isigande, asiache kotimiri na mboga za majani kwa woga, na asianze kuzila kwa wingi ghafla. Ale kiasi kilekile siku zote na amweleze daktari wake anachokula. Na anayetumia dawa za shinikizo la damu au za kushusha mafuta mwilini aulize kuhusu balungi, kwa kuwa balungi, tofauti na chungwa la kawaida, huweza kuifanya dawa izidi nguvu mwilini.

Chungwa, basi, tulipe heshima yake kwanza, kwa sababu pwani yetu lina historia ambayo watoto wa Tanga hawafundishwi.

Mwanzoni mwa Aprili 1498, merikebu ya Wareno iitwayo São Rafael, mojawapo ya zile za Vasco da Gama, ilipanda juu ya fungu la mchanga usiku mbele ya pwani hii. Mahali penyewe wanahistoria wamepatambua kuwa ni Mtangata, jirani na Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, kule kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Milima waliyoiona nyuma ya pwani, ambayo ni Usambara yetu, wakaipa jina la merikebu ile. Walipokuwa wamekwama wakisubiri maji yajae, mitumbwi miwili iliwafuata kutoka nchi kavu, na mmoja ulikuwa umesheheni machungwa. Mwandishi wa shajara ya safari ile aliyasifu kuwa ni mazuri kuliko ya kwao Ureno. Muda mfupi baadaye, walipotia nanga Mombasa, mfalme wa huko naye akawapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa.

Mabaharia wale walikuwa wamekwisha kuonja kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Miezi michache kabla, kwenye mto mmoja wa Msumbiji, mikono na miguu yao ilivimba, na fizi zikafura zikafunika meno hata wasiweze kula. Lakini pigo kubwa liliwangoja marejeo. Kuvuka kutoka India kuja Afrika kuliwachukua karibu miezi mitatu, wakafa watu wapatao 30, na katika kila merikebu wakabaki saba au wanane wenye nguvu ya kushika kamba. Januari 1499 walipofika Malindi, waliagiza machungwa kutoka nchi kavu, maana wagonjwa waliyalilia. Yaliletwa kesho yake. Kwa wengi yalikuwa yamechelewa. Siku chache baadaye walirudi kwenye fungu lilelile la Mtangata, wakaiteketeza São Rafael kwa moto, kwa sababu watu waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Kila nikipita Tongoni nafikiri juu ya moto ule. Merikebu nzima iliunguzwa mbele ya pwani yenye michungwa, kwa kukosa kitu kilichomo ndani ya chungwa.

Ilibidi ipite miaka mingine karibu 250 ndipo daktari wa majini wa Uingereza, James Lind, alipowagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, mwaka 1747, akawapa kila jozi tiba yake: wengine siki, wengine maji ya bahari, na wawili machungwa mawili na limau moja kila siku. Waliokula machungwa na limau ndio walioinuka, mmoja wao ndani ya siku sita. Hata hivyo jeshi la majini la Uingereza halikuanza kutoa maji ya limau kwa mabaharia wake wote mpaka mwaka 1795. Watu wa Mtangata hawakuwa wameandika kitabu juu ya jambo hilo, lakini walijua cha kumpelekea mgeni aliyetoka baharini.

Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mbuzi wanaozurura Ngamiani wakitafuna maganda ya machungwa pembezoni mwa barabara hujitengenezea yao kwenye ini, sisi tumenyimwa. Na hatuwezi kuiweka akiba kubwa. Ndiyo maana chungwa moja kwa siku lina maana kuliko machungwa kumi siku ya Idi.

Muheza iko mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Tanga mjini, na anayepita kwa basi msimu wa machungwa hawezi kuikosa: vijana wanakimbilia madirisha na vifuko mikononi, matenga yamepangwa hadi juu, malori yanapakia ya kwenda Dar es Salaam na Kenya. Chungwa la Muheza mara nyingi ni la kijani hata likiiva. Wageni huliogopa kwa sababu hiyo. Ganda la chungwa hugeuka rangi usiku ukiwa na baridi, na usiku wa nyanda zetu za pwani ni wa joto, basi ukijani unabaki ingawa ndani tunda limekomaa na limejaa maji. Katika nchi nyingi machungwa huwekwa kwenye chumba chenye gesi ya ethilini ili ganda lipate rangi ya kumpendeza mnunuzi. Rangi hiyo haiongezi vitamini hata chembe. Anayejua hulipima chungwa kwa uzito mkononi: likiwa zito kuliko linavyoonekana, lina maji.

Nina lalamiko moja juu ya namna tunavyolila. Muuzaji hulimenya kwa kisu ganda likishuka kama utepe, hulikata kichwa, nasi tunalikamua mdomoni na kutupa lililobaki. Tunachotupa ndimo zilimo nyuzinyuzi, zile zinazolainisha choo na kuifanya sukari iingie kwenye damu polepole. Mwenye kisukari anayekunywa glasi ya juisi iliyokamuliwa machungwa manne amekunywa sukari ya machungwa manne, karibu gramu 50, bila kizuizi chochote. Lakini akikaa chini akalila chungwa moja zima, pande kwa pande, pamoja na ngozi zake nyembamba, hilo ni tunda linalomfaa, ilimradi alihesabu ndani ya mlo wake. Lile jeupe chini ya ganda nalo si takataka. Ni chungu kidogo, lakini muache muuzaji alibakize.

Sasa kotimiri. Majina yake yenyewe yanaonyesha njia iliyopita. Kotimiri ni neno tulilolipata kwa Wagujarati wenye maduka. Dania nalo limetoka India. Bara watu wengi husema giligilani. Ni mmea mmoja, majani na mbegu, ila mbegu ile iliyokauka tunayoitia kwenye pilau haina vitamini A ya kutajwa. Hiyo imo kwenye jani.

Jani hili halipendi joto letu. Ukiipanda kotimiri pwani wakati wa kaskazi, inakimbilia kutoa maua kabla haijanenepa majani, kwa hiyo nyingi tunayoiona sokoni inashuka kutoka Lushoto pamoja na kabichi na karoti, kutoka kwenye baridi ya Usambara kuja kwenye mvuke wa Tanga. Ikifika saa sita mchana imekwisha lala. Vitamini C ni kitu kinachoharibika kwa joto, kwa hewa na kwa kukaa, na jani lililonyauka limekwisha poteza sehemu yake kabla halijaingia nyumbani. Nunua asubuhi. Simamisha fungu ndani ya kikombe chenye maji, mizizi chini, na ulifunike kwa kitambaa kibichi. Lioshe vizuri kwa maji safi yanayotiririka, jani kwa jani, kwa kuwa ni mboga inayoliwa mbichi na hujui ilimwagiwa maji gani shambani. Mji ambao umepata kuonja kipindupindu hauna haja ya kuelezwa zaidi. Na likate wakati wa kula, si asubuhi kwa ajili ya jioni.

Tatizo la kotimiri, basi, si ubora wake. Ni udogo wa nafasi tuliyoipa. Ndugu zake mchicha, matembele na kisamvu wana utajiri wa namna ileile, nao huliwa bakuli zima, na kwa sababu hiyo ndio wanaobeba lishe ya nyumba. Kotimiri tumeifanya pambo. Isipokuwa mahali pamoja, na mahali hapo nitafika. Kwanza nimalize habari ya damu.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na watoto walio chini ya miaka mitano 58 katika kila 100. Mjukuu wa bibi yumo ndani ya hesabu hiyo pamoja na karibu nusu ya wenzake wa mtaani. Sababu si chakula peke yake. Malaria na minyoo hula damu nyingi pwani hii. Lakini chakula kina mkono wake, na mara nyingi kosa lake si kukosekana kwa madini ya chuma. Ni kwamba yanaingia mdomoni na kutoka bila kushikwa.

Madini ya chuma yaliyomo kwenye mimea, kwenye mbaazi, maharage, mchicha na kotimiri yenyewe, yako katika umbo ambalo utumbo hulipokea kwa shida. Vitamini C hulibadili umbo hilo, hulifanya liyeyuke, na likapokelewa. Katika majaribio ya mlo mmoja mmoja, kuongeza vitamini C kumeonekana kuzidisha chuma kinachopokewa mara mbili na hata zaidi. Majaribio ya muda mrefu yamekuta faida ndogo kuliko hiyo, kwa sababu mwili una desturi ya kujirekebisha, na sitaki mtu adhani chungwa linachukua nafasi ya dawa. Chai nayo hufanya kinyume: dutu zake zinazokausha ulimi huyakamata madini ya chuma na kuyazuia.

Sasa fikiria kifungua kinywa cha Ngamiani. Mbaazi za nazi, maandazi mawili, kikombe cha chai ya rangi. Ndicho chakula nilichokulia, na ukiniuliza kipi bora duniani nitakitaja hicho kabla ya kingine. Mbaazi zina chuma. Nazi ina mafuta. Kisha juu yake tunamimina chai moto iliyokolea, na mlango tuliokuwa tumeufungua tunaufunga wenyewe. Sisemi chai iachwe, nani Tanga atanisikiliza? Nasema isogezwe saa moja mbele, na mahali pake, pamoja na mbaazi, liwekwe chungwa, au msimu ukiwa umekwisha, maji ya ndimu. Kwa mama mjamzito jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu anapewa kliniki vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, vidonge ambavyo ndivyo hasa tiba yake, na wengi huviteremsha kwa chai hiyohiyo ya asubuhi. Avimeze kwa maji, ale chungwa, chai ije baadaye. Kusogeza chai hakuongezi gharama hata senti moja.

Kwa hiyo chungwa, lisilo na chuma hata kidogo cha kutajwa, linaweza kumsaidia mwenye damu ndogo kuliko fungu la kotimiri lenye chuma chake. Thamani yake imo katika kile linachokifanyia chakula kingine. Hili halimo katika jedwali lolote, maana jedwali hukipima kila chakula kikiwa peke yake, nasi hatuli hivyo.

Na kotimiri? Nilisema kuna mahali pamoja ambapo si pambo. Ni kwenye chatne. Anayeuza mihogo ya kukaanga, bajia na kachori jioni pembeni mwa barabara ana bakuli la kijani mbele yake, na bakuli lile, likitengenezwa kwa uaminifu, limefanya kazi ambayo mimi darasani ilinichukua miaka kuielewa. Mafungu mawili au matatu ya kotimiri yanasagwa pamoja na nazi iliyokunwa, pilipili mbichi, kitunguu thomu, chumvi na ndimu. Angalia kilichokutana humo. Vitamini A ya jani la kijani huja katika umbo la karotini, na karotini haipokewi na utumbo bila mafuta. Nazi imeleta mafuta. Vitamini C huharibika upesi jani likishasagwa na kuguswa na hewa, lakini hudumu zaidi penye uchachu; ndimu imeleta uchachu, na vitamini C yake yenyewe juu. Hakuna moto, basi hakuna kilichoungua. Kusaga kumepasua jani kiasi kwamba karotini iliyofungwa ndani imetoka. Na muhimu kuliko yote, jani halinyunyizwi tena: mtu akichovya mihogo yake mpaka amalize sahani amekula gramu 20 au 30 za kotimiri bila kujua, yaani karibu fungu zima. Fungu zima lina mikrogramu 100 za vitamini A, wakati mwanamke mzima anahitaji 700 kwa siku. Lina mikrogramu 93 za vitamini K, ambayo ni haja yake yote. Na folati 19. Hiyo ni mboga sasa, si manukato.

Sijui nani aliyeanza kuvikutanisha vitu hivi vitatu. Jani lenye jina la Kigujarati, ndimu iliyokuwa pwani hii kabla ya Wareno, na nazi ya nyuma ya nyumba. Ninachojua ni kwamba aliyefanya hivyo alikuwa na ulimi mzuri, na ulimi wake ulifika mapema kuliko maabara. Kinachonisikitisha ni kuona siku hizi bakuli lile likijazwa maji, rangi na siki ya dukani, kotimiri ikiwa majani machache yanayoelea juu. Linabaki na jina tu.

Wiki tatu zilipita. Nilimkuta bibi tena, safari hii kwa muuza nazi, akizigonga moja moja kwa kucha akisikiliza. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno. Nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa jibu la siku ile, nikamweleza habari ya vidonge na chai, habari ya chungwa pamoja na mbaazi, habari ya chatne. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya nazi aliyokwisha ichagua.

"Ya chai sikuijua," alisema. "Hiyo nitamwambia leo leo. Kliniki anarudi Jumatano." Akafungua kikapu chake kunionyesha: mafungu mawili ya kotimiri, ndimu nne, pilipili chache zimefungwa kwenye gazeti.

"Na siku ile, bibi? Ulichukua chungwa?"

"Nilichukua vyote viwili, mwanangu. Yule wa mboga alinikopesha."